Ndege Imebeba Rent

Ukitaka kujua mtaa inaishi aje siku hizi, wacha kucheki wasee usoni, cheki vidole. Pita base yoyote ya nduthi kutoka Githurai hadi Pipeline mida ya saa nne asubuhi, ile time watu wa ofisi wameshaenda na wamama wa soko hawajarudi. Utapata msee amekalia tanki, helmeti imening'inia kwa usukani, kichwa chini, dole gumba juu ya simu. Hachati na mtu. Anangoja kandege kekundu kapae, na amejiapia leo atabonyeza kabla kapotee.

Hiyo gemu ni Aviator. Ilitengenezwa na kampuni ya Georgia inaitwa Spribe, ikatoka 2019. Haina mpira, haina farasi, haina refa wa kulaumiwa. Unaweka mbao ama soo, ndege inapaa, namba inapanda nayo: 1.20, 1.80, 3.50. Ukibonyeza ukitoka, unalipwa pesa yako mara hiyo namba. Ikipotea kama bado unajiambia "kidogo tu", imeenda na kila kitu. Raundi ingine inaisha hata hujamaliza kupepesa macho. Halafu inaanza mpya, usiku na mchana, Krismasi na Idd.

Na siji hapa kama pasta. Kwa mbogi yetu kuna wasee wanawekanga mkeka wa mbao kila Jumamosi, ukichanika wanachekana, maisha inasonga. Hao sina maneno nao. Naongelea ule mwenye alianza na hiyo hiyo mbao, na sai anabeti pesa ya mtoto kwenda clinic, halafu anakuambia kwa sauti ya chini, "Narudisha tu yangu, nikirudisha naacha." Hiyo sentensi nimeiskia kwa watu tofauti hadi naona kama walifundishwa darasa moja.

Wazae wetu wakiskia kubeti bado wanawaza mpira. Hapo ndio wanapotea, ju kwa hii story mpira ni kitu kidogo sana. Kenye kilichange ni spidi.

Kamari yenyewe si ya jana. Sheria ya kwanza ya kuisimamia hapa Kenya ilikuwako tangu 1966. Lakini siku hizo ilikuwa ya macasino, vitu za watalii na mabosi, na jamaa wa Kayole hangevuka mlango, askari angeanza na kumwangalia viatu. 2007 M-Pesa ikaingia. 2014 kampuni ya kubeti ya SportPesa ikaingia, na mlango wa casino ukahamia kwa mfuko wa trao. Ulikuwa unaweza kubeti ukiwa kwa mat, na simu ya mulika mwizi, kwa SMS na paybill. Jezi za Gor na Ingwe zikaandikwa jina ya kampuni, na 2017 hata Everton kule Uingereza wakavaa. Mwaka huo huo msee mmoja akabeba jackpot ya milioni 221, na 2018 mwingine wa Bomet akabeba milioni 208. Hizo sura mbili zilizunguka kila gazeti na kila radio. Wenye walipoteza hawakupigwa picha, na hata wangepigwa, hakuna gazeti lenye kurasa za kuwatosha. GeoPoll walifanya utafiti 2017 kwa mayut wa kati ya miaka 17 na 35 katika nchi kadhaa za Afrika, na Kenya ikaongoza: asilimia 76 walisema washawahi kubeti.

Lakini mkeka ulikuwa na breki ndani yake. Uliweka Jumamosi asubuhi, ukangoja Arsenal icheze jioni, mkeka ukachanika dakika ya 93, ukatukana refa, ukalala. Jumapili ulikuwa na nguo za kufua. Kama ulikuwa na hasira ya kurudisha pesa, ilibidi ungoje mechi ingine, na hasira ikingojeshwa hupoa. Kungoja ndio ilikuwa inaokoa watu, na hakuna mwenye alijua.

Ndege ilikuja ikatoa kungoja. Sai ukiliwa, raundi ya kulipiza iko hapo hapo, sekunde tano mbele yako.

Sasa twende hesabu kidogo, na usikimbie. Waliotengeneza ndege wanasema wenyewe inarudisha asilimia 97 ya pesa inayowekwa. Ukiskia hivyo unaona si noma, naliwa tatu kwa mia. Shida ni kwamba hiyo tatu inaliwa kila raundi. Sema unaweka soo kila raundi, raundi mbili kwa dakika. Kwa saa moja umezungusha thao kumi na mbili, hata kama ulianza na jirongo moja tu, ju pesa inaenda, inarudi, inaenda tena. Asilimia tatu ya thao kumi na mbili ni 360 bob. Hiyo ndio bei ya kukaa pale saa moja, kwa wastani. Kuna siku utatoka na thao mbili juu na ununulie base nzima chapo madondo. Lakini endelea mwezi, hesabu itakufikia, na haitakufikia ikiwa upande wako.

Kwa hesabu hiyo hiyo, ndege kufika mara mbili ni chini kidogo ya nusu ya raundi zote. Kufika mara kumi, kama moja kwa kumi. Kufika mara mia, hata moja kwa mia haitimii. Na haina kumbukumbu. Ikianguka chini mara tano mfululizo, ya sita haikudai na huidai. Ndio maana nachekanga wale wanauza "prediktor" kwa Telegram, ati apu ya kukuonyesha ndege itaishia wapi. Mtu mwenye anajua ndege itaishia wapi hawezi kuuza hiyo siri soo mbili kwa mtu hamjuani. Hao ni wezi wa wale washaibiwa.

Mkeka nao si malaika. Panga mechi kumi, kila moja odds 1.50, utaahidiwa mara 57 na kitu, yaani soo igeuke karibu 5,800. Tamu. Lakini kampuni huwa imejikatia kidogo kwa kila odds, tuseme asilimia tano na nusu. Kwa mechi moja huwezi kuskia uchungu. Kwa mechi kumi hayo makato yanazidishana, na soo yako inabaki na thamani ya kama 57 bob kabla refa hajapuliza filimbi ya kwanza. Jackpot ya mechi 17 sasa, kila mechi ikiwa na majibu matatu, ina njia 129,140,163 za kupangwa. Wewe umelipia moja.

Mtu atauliza, si hao wasee walisoma, mbona wasione hii? Ju kichwa haibetingi na hesabu. Miaka ya 1950 huko Marekani B. F. Skinner alikuwa anafanyia njiwa na panya majaribio, na akaona mnyama mwenye anapewa chakula bila mpangilio anabonyeza kuliko mwenye anapewa kila mara. Kutokujua ndio kunamshika. Ile dopamini ya kwa ubongo inapanda zaidi ukingoja, na pesa ikishaingia imeshaanza kushuka. Halafu kuna ile ya kukosa padogo: ulipanga kutoka kwa 2.00, ndege ikapotea kwa 1.98. Kwa M-Pesa umepoteza. Kwa kichwa umekaribia kushinda, na madaktari wameona kwa picha za ubongo kwamba hiyo "karibu" inawasha sehemu zenye huwashwa na ushindi. Ndege imejaa karibu karibu.

Ndio maana tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliweka ugonjwa wa kamari kwa kitabu chao kwa kundi moja na pombe na heroini. WHO nao wameuweka kwa orodha yao ya magonjwa, ile ilianza kutumika Januari 2022. Kwa hivyo ule jamaa hajarogwa, hana ujinga kukushinda, na si ati mathe yake alimlea vibaya. Ni mgonjwa, na dalili zake ni zile zile za teja: dozi inaongezeka, ilianza mbao sai ni thao. Akinyimwa simu anakuwa mkali. Halali, ju saa nane usiku ndio hakuna mtu wa kumuuliza, na kuna wenye wanatafuna muguka juu yake ili macho zisifunge, sasa unakuwa na vitu viwili vimemshika badala ya kimoja. Hakuli vizuri. Kichwa inauma, roho inadunda. Na aibu, hiyo ndio inammaliza polepole kuliko zote.

Tofauti na teja ni moja, na ndio mbaya. Teja unamwona. Mlevi unamskia kwa ngazi kabla hajafika kwa mlango, na harufu inamtangulia. Msee wa ndege yuko home saa moja jioni, amekaa kwa kochi, haongei, hapigi mtu kelele. Wamama wa ploti wanamwambia bibi yake ameokota bwana. Bibi mwenyewe anashangaa tu mbona siku hizi anakaa choo nusu saa na simu. Halafu siku moja keateka anabisha, rent ni ya miezi mitatu, na yeye alikuwa anatoa yake kila mwezi anapea bwana apeleke. Anacheki mtungi wa gesi, ile ya akiba haiko, aliambiwa imepelekwa kujazwa. Hajawahi kuona chupa, hajawahi kuona sigara, hajui hata aanzie wapi kukasirika. Nyumba yenye mlevi inajua ina mlevi. Hii inakuja kujua siku ya kuhama.

Na tusiseme ni maboy tu. Kuna mamanzi wa saluni wanapaisha ndege kati ya kichwa moja na ingine, kuna wamama wenye walikuwa waweka hazina wa chama na sai hawapitii ile barabara.

Kwa campus ndio kunauma zaidi. Mzae ameuza ng'ombe ushago, ametuma fees, mwana anaiona kwa simu: elfu thelathini, arobaini, pesa hajawahi kushika. Anajiambia atacheza elfu mbili tu, akipata atajinunulia viatu. Saa sita baadaye anatafuta ya kurudisha, na semista nzima mzae anaambiwa mtihani uko karibu. Hiyo uongo inakula ubongo kuliko hata pesa. Kila simu ya nyumbani inakuwa ya kuogopwa.

Turudi 2019, ju huo mwaka unafaa kukumbukwa. Januari, Fuliza, ile ya kukopa kwa M-Pesa, ikafunguliwa. Mwaka huo huo ndege ikatoka huko kwao. Unaona vile vitu viwili vilikuwa vinakuja kukutana kwa simu ya mtu mmoja? Zamani ukiliwa yako yote, ulisimama, ju ilikuwa imeisha. Sai "imeisha" haiko. Kuna Fuliza, ikijaa kuna apu za mkopo, zikijaa kuna shylock wa mtaa anashika kitambulisho na tivi. Mtu anaamka asubuhi akiwa chini ya sufuri, na kila soo inaingia inakatwa kabla aishike. Apu zingine zilikuwa zinapigia hadi shemeji na mwalimu wako wa zamani kuwaambia unadaiwa. Benki Kuu ilitoa kanuni 2022 za kukataza kuaibisha watu hivyo, lakini ndoa zingine zilikuwa zishavunjika kwa simu moja ya saa mbili usiku.

Serikali nayo? Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa ikiwemo, paybill zikazimwa, kukawa na kelele, ajira zikapotea, jezi zikabaki bila jina. Mwaka uliofuata SportPesa ikarudi, na soko ikanona kuliko mwanzo. Aprili 29, 2025, bodi ya kamari ikasimamisha matangazo yote ya kubeti kwa siku 30, na baadaye ikakataza maseleb na mainfluensa kuyapigia debe. Agosti 2025 Rais akatia sahihi sheria mpya ya kamari, ile ya 1966 ikapumzishwa. Matangazo kupunguzwa ni fiti, sikatai. Kulikuwa na stesheni ya radio huwezi kumaliza wimbo mbili kabla uambiwe kuna msee wa Kitale ameomoka. Lakini tusijidanganye: ushuru wa hii biashara ni mnono. Tangu Julai 2025 ukiweka pesa kwa akaunti ya kubeti KRA ina asilimia 5 yake, ukiitoa ina 5 ingine. Mwenye anakula kwa sahani moja na kampuni hawezi kuharakisha kuivunja. Kama wangekuwa wanataka kweli, wangeanza na spidi: raundi ziwe za mbali mbali, na paybill za kubeti zikatae pesa ya Fuliza. Hiyo ni kazi ya kompyuta, haihitaji karao hata mmoja.

Lakini naona kitu kimetushika zaidi ni ingine. Ndege imevaa nguo za mboka. Muulize jamaa wa base anafanya nini, atakuambia "natafuta". Hatasema anacheza. Ameamka mapema, ako na chaji, ako na bando, ako na "strategy" yake kwa daftari, anawithdraw, anareinvest. Amechoka jioni kama mtu wa mjengo. Na ukweli ni kwamba mjengo yenyewe inalipa kidogo na haiko kila siku, degree imekaa kwa faili tangu 2021, na kila mtu kwa status anaonyesha vile ametoboa. Ukimwambia aache, unamwambia aache kazi pekee yenye haikumwitisha experience ya miaka mitano. Hapo ndio mahubiri yetu hugonga mwamba. Mzazi akisema "tafuta kazi", yeye anajua ako kazini.

Kwa hivyo kumtukana haisaidii, na kumlipia madeni yote mara moja ni mbaya zaidi. Nimeona familia zikichanga, zikasafisha Fuliza, zikasafisha shylock, na limit ikafunguka, na wiki mbili ndege ikala zote tena. Mgonjwa wa kamari akipewa simu safi na limit mpya ni kama umempea ndoo ya keroro. Kwanza funga bomba. Lipa rent mwenyewe kwa keateka, lipa fees kwa akaunti ya shule, usipitishe kwa simu yake. Yeye mwenyewe akiwa tayari, ajitoe Fuliza, aandikie kampuni za kubeti zimfungie akaunti, na aweke BetBlocker, apu ya bure ya kuziba saiti za kamari kwa simu. Laini ya M-Pesa ishikwe na mtu anamwamini, siste, mathe, hata rafiki mwenye hachezi. Kutegemea nguvu ya roho peke yake saa nane usiku, na simu iko kwa mto, hiyo wachache sana wanaweza.

Halafu atafute mtu wa kubonga naye mwenye amesomea. Kuna tiba ya kuongea inaitwa CBT, inafundisha mtu kuskia ile "narudisha tu yangu" ikianza na kuikata kabla ifike kwa kidole. Inasaidia. Inachukua wiki nyingi, na kuanguka katikati kuko, kama vile mtu wa pombe huanguka.

Kuna kitu moja ya mwisho, na naomba uisome pole pole. Deni la kamari, kwa vile linafichwa, huwa linaingiza watu kwa mawazo ya kujimaliza. Madaktari wanajua hivyo dunia nzima. Hapa kwetu mtu akijaribu na aokolewe alikuwa anapelekwa kortini, hadi Januari 2025 ndio Mahakama Kuu ikasema kifungu cha sheria chenye kilikuwa kinatumika kuwashtaki, 226, kinavunja Katiba. Kwa hivyo ukiona msee wa base amenyamaza ghafla, amegawa vitu zake, anaaga aga vibaya, usingoje akuambie. Muulize wazi wazi. Kuuliza hakumtii mtu hiyo fikra, kunampea mlango.

Na kama ni wewe, unalala na unaamka na hesabu ya deni, leo ambia mtu mmoja namba yote, usipunguze hata soo. Kama kuna pombe ama jaba ndani yake, NACADA ni 1192. Kama ni roho imechoka, Kenya Red Cross ni 1199. Zote mbili ni bure, zinaingia hata kama simu haina bob.